Diwani Aliyetaka Tuchomwe Moto



Wapendwa, wiki hii napenda tutafakari maisha ya mtu aliyewachukia Wakatoliki waziwazi, kisha akafa mikononi mwa watu waliodai kuwapigania Wakatoliki hao. Ni George Seawright, diwani wa jiji la Belfast, Ireland ya Kaskazini.

Ireland ilipogawanywa mwaka 1921, sehemu ya kaskazini ilibaki chini ya Uingereza. Waprotestanti, waliokuwa wengi huko, walitaka ibaki hivyo. Wakatoliki wengi walitamani Ireland moja, nao walibaguliwa katika ajira na katika ugawaji wa nyumba. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi Mapatano ya Ijumaa Kuu ya mwaka 1998, watu wapatao 3,500 waliuawa. Tusidhani kwamba waligombania Ekaristi au heshima ya Bikira Maria. Dini iligeuzwa kuwa alama ya kutambua nani ni wetu na nani ni adui.

Seawright alizaliwa Glasgow, Uskoti, akafanya kazi katika viwanda vya kuunda meli, kisha akahamia Belfast. Alikuwa muumini wa Kanisa Huru la Kipresbiteri lililoanzishwa na mchungaji Ian Paisley, na mwanachama wa chama cha mchungaji huyo, DUP. Alichaguliwa diwani mwaka 1981, na mwaka uliofuata akaingia Bunge la Ireland ya Kaskazini.

Mwaka 1984, katika kikao cha bodi ya elimu, lilizungumzwa lalamiko la wazazi Wakatoliki kuhusu wimbo wa taifa wa Uingereza. Seawright akasema ni afadhali fedha za umma zinunue tanuru la kuwachomea wote, na mapadre wao watupwe humo pia. Nami niliye padre siyasomi maneno hayo bila kutetemeka. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini huyu hakujikwaa, alikusudia. Mahakama ilimtia hatiani, chama chake kikamtenga. Hata hivyo, mwaka 1985 wapiga kura walimrudisha katika halmashauri. Hapo ndugu zangu tujiulize: ulimi wa chuki ungepata wapi nguvu kama yasingekuwapo masikio yanayoufurahia?

Mwezi Novemba 1987, Seawright alipigwa risasi akiwa ndani ya gari jijini Belfast. Alifariki tarehe 3 Desemba, akiwa na umri wa miaka 36. Waliomuua walikuwa kikundi kidogo chenye silaha kutoka upande wa wanaodai Ireland moja. Bila shaka wapo waliosema moyoni, "Amevuna alichopanda." Je, mauaji hayo yaliwaletea Wakatoliki usalama? Hapana. Damu iliendelea kumwagika kwa zaidi ya miaka kumi.

Sasa mtazameni Paisley, mwalimu wake. Mwezi Oktoba 1988 alimzomea Papa Yohane Paulo II katika Bunge la Ulaya, akimwita Mpinga-Kristo. Kama yupo mtu ambaye watu walimkatia tamaa, ni yeye. Lakini tarehe 8 Mei 2007, akiwa mzee wa miaka 81, aliapishwa kuongoza serikali pamoja na Martin McGuinness, Mkatoliki aliyewahi kuwa kamanda wa IRA. Watu walishangaa kuwaona wakicheka pamoja. Paisley alifariki mwaka 2014.

Paisley alipewa miaka ya kugeuka; Seawright hakupewa. Pengine asingebadilika kamwe. Lakini waliomfyatulia risasi walijitwalia hukumu ambayo ni ya Mungu peke yake, yaani kwamba mtu huyu hawezi tena kugeuka. Nabii Ezekieli anatufundisha kwamba Mungu hafurahii kifo cha mwovu, bali anataka aiache njia yake mbaya apate kuishi.

Kuupinga uovu wa mtu ni wajibu wetu, na mahakama zipo kwa kazi hiyo. Kumfungia mlango wa toba si kazi yetu. Wiki hii, kila mmoja amtaje mbele ya Mungu mtu mmoja ambaye moyoni mwake ameshamhesabu kuwa hana tumaini. Tumwombee pia George Seawright, na wale waliomuua.

Amani ya Kristo iwe nanyi.