Mteja Asiyepatikana: Shinikizo la Watumiaji kwa Kampuni za Simu Kuhusu Matangazo ya Kisiasa na Faragha nchini Kenya, 2007–2022

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya madai ya watumiaji wa simu za mkononi nchini Kenya dhidi ya kampuni za simu na wadhibiti wake, kuanzia ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 hadi uchaguzi mkuu wa 2022. Yanadai kwamba mgomo ulioitishwa na viongozi wa kisiasa mwaka 2017 ulivuma sana lakini haukuacha kanuni yoyote ya kulinda taarifa za mteja. Malalamiko ya raia mmoja mmoja, yaliyoegemezwa kwenye katiba na sheria, ndiyo yaliyobadilisha mambo. Makala yanaonyesha pia kwamba msamiati ulikuwa sehemu ya pambano hilo: mtumiaji alilazimika kwanza kupata jina la kile alichonyang'anywa.

1. Utangulizi

Kwa miaka mingi, aliyepiga simu nchini Kenya na kukuta simu ya mwenzake imezimwa alisikia sauti iliyorekodiwa ikimweleza kwamba mteja wa nambari aliyopiga hapatikani kwa sasa. Vijana waliigeuza kauli hiyo kuwa msemo. Mtu ambaye simu yake haiiti husemwa kwamba "yuko mteja". Neno lililomaanisha mnunuzi mwenye haki likapata maana ya mtu asiyeweza kufikiwa.

Kinaya ni kwamba katika misimu ya uchaguzi mteja huyo alipatikana kwa urahisi mno. Arafa za wagombea zilimfikia bila yeye kuziomba, na hakujua nani alitoa nambari yake. Swali la makala haya ni jinsi mteja alivyojaribu kuzirudishia kampuni na wanasiasa swali lake, na njia ipi kati ya alizotumia ilizaa matunda.

2. Arafa ya chuki na arafa ya amani, 2007–2008

Mwaka 2007 ulikuwa na matukio mawili ambayo historia hii haiwezi kuyatenganisha. Mwezi Machi, Safaricom ilizindua huduma ya M-Pesa, na simu ikaanza kuwa mkoba wa fedha. Tarehe 27 Desemba ulifanyika uchaguzi mkuu ambao matokeo yake yalizua ghasia. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, iliripoti vifo vya watu 1,133.

Katika siku hizo arafa za uchochezi zilisambazwa kutoka simu hadi simu. Serikali ilifikiria kuizima huduma ya arafa nchini. Michael Joseph, aliyekuwa mkuu wa Safaricom, alishauri njia nyingine, yaani kampuni itumie mtandao huo huo kuwapelekea wateja ujumbe wa kuhimiza amani. Shauri hilo lilikubaliwa, na huduma haikuzimwa.

Tukio hili husimuliwa kama mfano wa busara ya kibiashara, na lina haki ya kusimuliwa hivyo. Hata hivyo, lilithibitisha jambo jingine ambalo halikuzingatiwa sana wakati huo: kampuni moja ilikuwa na uwezo wa kuingia katika viganja vya mamilioni ya raia kwa wakati mmoja na kuwaambia neno kuhusu siasa. Mara hii neno lilikuwa jema. Hapakuwa na utaratibu wa kuhakikisha kwamba lingekuwa jema daima.

3. Dawa na madhara yake, 2009–2013

Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 ilifanya matamshi ya chuki kuwa kosa. Kwa kuwa laini nyingi hazikuwa na jina la mwenyewe, usajili wa laini ulianza mwaka 2010, na mwisho wa 2012 ukawekwa kuwa kikomo kwa laini zisizosajiliwa. Kuanzia hapo nambari ya simu iliunganishwa na jina na nambari ya kitambulisho. Lengo lilikuwa kumfichua mchochezi na tapeli, lakini daftari lililomfichua mchochezi lilimfichua pia mteja mtulivu.

Katika kipindi hicho hicho haki za mteja ziliandikwa. Katiba iliyoidhinishwa Agosti 2010 ililinda faragha katika kifungu cha 31, ikiwemo faragha ya mawasiliano, na haki za mtumiaji wa bidhaa na huduma katika kifungu cha 46. Kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za mawasiliano za mwaka huo zilitaka matangazo ya moja kwa moja yaegemee ridhaa ya mpokeaji. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ilifuata mwaka 2012. Kwa hiyo haki ilikuwepo katika maandishi. Kilichokosekana ni mlango mahususi wa kubisha pale taarifa za mtu zilipotumiwa vibaya.

Kuelekea uchaguzi wa Machi 2013, Safaricom ilitoa miongozo ya matangazo ya kisiasa kupitia mtandao wake, na Tume ya Mawasiliano ikatoa miongozo kwa kampuni zote kuhusu arafa za kisiasa zinazotumwa kwa jumla. Aliyetaka kutuma ujumbe wa namna hiyo alitakiwa kuuwasilisha mapema, saa 48 kabla, ili ukaguliwe. Ujumbe ulitakiwa kuandikwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza.

Sharti hili la lugha linastahili kutazamwa kwa makini. Kiswahili kilichaguliwa kwa sababu mkaguzi angekielewa na kwa sababu hakikuwa mali ya kabila moja. Mwanasiasa alilazimishwa kusema katika lugha ambayo jirani yake angeweza kuisikia. Hilo lilikuwa jambo la maana katika nchi iliyotoka kwenye ghasia. Lakini miongozo hiyo ilisimamia maudhui ya arafa tu. Haikuuliza mtumaji alipata wapi nambari za wapokeaji. Aidha, sharti la kutumia lugha inayoeleweka liliwekwa kwa mwanasiasa. Halikuwekwa kwa fomu ambayo mteja aliitia saini aliposajili laini yake.

4. Mpiga kura anayeitwa kwa jina, 2017

Uchaguzi wa tarehe 8 Agosti 2017 ulileta arafa za aina mpya. Utafiti wa kituo cha CIPIT cha Chuo Kikuu cha Strathmore ulinakili malalamiko ya wapiga kura waliopokea jumbe za wagombea zilizowataja kwa majina na kwa maeneo yao ya kupigia kura. Ujumbe kama huo hauwezi kutungwa na mtu anayebahatisha nambari. Unahitaji orodha inayounganisha jina, simu na kituo. Orodha hiyo ingeweza kutokana na daftari la wapiga kura, usajili wa laini, kitabu cha wakala wa fedha au kitabu cha wageni mlangoni mwa jengo la ofisi. Mpokeaji hakuwa na namna ya kujua, na hapo ndipo palipokuwa na jeraha.

Mnamo Machi 2018, kituo cha Channel 4 cha Uingereza kilirusha picha zilizorekodiwa kwa siri ambamo afisa wa Cambridge Analytica alijigamba kwamba kampuni yake ilisimamia kampeni za Uhuru Kenyatta mwaka 2013 na 2017. Chama cha Jubilee kilisema kwamba kazi iliyofanywa ilihusu taswira ya chama. Hata tukichukulia majigambo hayo kuwa maneno ya mfanyabiashara anayetafuta wateja, yaliwafanya Wakenya wengi wazitazame upya arafa walizokuwa wamezifuta.

5. Mgomo wa Novemba 2017

Shinikizo lililosikika zaidi lilitoka kwa muungano wa upinzani, NASA. Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba 2017, na uchaguzi wa marudio wa tarehe 26 Oktoba ukasusiwa na NASA. Tarehe 3 Novemba muungano huo uliwataka wafuasi wake wasinunue bidhaa na huduma za Safaricom, Brookside na Bidco. Safaricom ilishutumiwa kuhusu upeperushaji wa matokeo, shutuma ambazo mkuu wake, Bob Collymore, alizikanusha.

Kwa mara ya kwanza katika kipindi kinachochunguzwa, wateja wa simu waliitwa kwa wingi kutumia uteja wao kama silaha ya kisiasa. Silaha hiyo, hata hivyo, ilikuwa butu kwa sababu tatu.

Kwanza, laini haikuwa laini tu. Tangu Aprili 2011 mteja aliweza kuhamia kampuni nyingine bila kubadilisha nambari, lakini mkoba wa M-Pesa haukuhama naye. Ni mwaka 2018 ndipo utumaji wa moja kwa moja wa fedha kati ya mikoba ya kampuni tofauti ulipoanza. Kwa mama mboga, kuihama kampuni kulimaanisha kuwahama wanunuzi wake.

Pili, serikali ilimiliki asilimia 35 ya hisa za Safaricom na wakati huo huo ilikuwa msimamizi wa sekta. Mteja aliyeisusia kampuni alijikuta akiisusia dola, na aliyeitetea alionekana kuitetea serikali. Suala la huduma likageuka kuwa suala la kambi.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, mgomo haukuwa na dai ambalo kampuni ingeweza kulitimiza kwa mteja. Haukudai kwamba mtu aambiwe nani ana nambari yake wala kwamba arafa za kisiasa zisitumwe bila ridhaa. Ulipofika wakati wa maridhiano kati ya Uhuru Kenyatta na Raila Odinga, tarehe 9 Machi 2018, makali ya mgomo yaliisha pamoja na mvutano uliouzaa. Wapiganapo tembo nyasi huumia. Wapatanapo tembo, nyasi hazipati sheria ya kuzilinda.

6. Njia ya malalamiko, 2017–2022

Wakati mgomo ukivuma, njia nyingine ilikuwa ikichimbwa taratibu. Mapema 2017 Mamlaka ya Mawasiliano iliziandikia kampuni za simu ikitaka kuunganisha mfumo wa kudhibiti vifaa na mitandao yao. Mwanaharakati Okiya Omtatah alikwenda mahakamani. Mnamo Aprili 2018 Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu aliamua kwamba mpango huo ulikiuka faragha ya wateja na haukushirikisha umma ipasavyo. Mahakama ya Rufaa iliutengua uamuzi huo mwaka 2020. Licha ya kutenguliwa, kesi hiyo ilikuwa imeliweka neno faragha katika vichwa vya habari na katika mazungumzo ya watu wasiosoma sheria.

Miswada ya ulinzi wa data iliyokuwa imekwama kwa miaka ilipata msukumo mpya. Sheria ya Kulinda Data iliidhinishwa Novemba 2019, na Immaculate Kassait akaapishwa kuwa Kamishna wa kwanza wa Data Novemba 2020. Mlango uliokosekana mwaka 2013 ukawa umefunguliwa.

Mtihani wake ulikuja Juni 2021. Wakenya walipotazama rekodi za Msajili wa Vyama vya Kisiasa mtandaoni, wengi walikuta wameandikishwa kuwa wanachama wa vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Tuhuma nyingi ziliangukia kitabu cha wakala wa fedha za simu, ambamo mteja aliandika jina, nambari ya simu, nambari ya kitambulisho na kutia saini kila alipotoa pesa. Safari hii hakukuwa na kiongozi wa kuwaambia watu wakasirike. Walilalamika wenyewe kwa Kamishna, na Msajili akaweka utaratibu wa kujiondoa.

Kanuni za utekelezaji zilipatikana kabla ya uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022, pamoja na mwongozo wa Kamishna kuhusu matumizi ya data katika shughuli za uchaguzi. Mwaka huo huo Safaricom ilianza kuficha sehemu ya nambari ya mteja katika malipo ya M-Pesa kwa wafanyabiashara. Haya ni mabadiliko madogo yasiyopigiwa ngoma, lakini yanamgusa mteja kila anaponunua unga.

7. Kutoka kero hadi haki

Mtu anayesema "wananisumbua na arafa zao" analeta kero. Kero huombewa hisani: mtumaji huombwa aache, au mpokeaji hushauriwa apige msimbo wa kujiondoa. Mtu anayesema "wametumia taarifa zangu bila ridhaa yangu" analeta shtaka, na shtaka hudai jibu. Safari kutoka kauli ya kwanza hadi ya pili ndiyo iliyochukua miaka kumi na mitano.

Maneno yenyewe hayakuwa mageni. Faragha na ridhaa ni maneno ya siku nyingi katika Kiswahili. La kwanza lilihusu chumba na mazungumzo ya siri, la pili ndoa na mapatano. Kilichokuwa kipya ni kuyapeleka kwenye nambari ya simu. Hapa nchi jirani zimefuata njia tofauti. Sheria za Kenya huandikwa kwa Kiingereza, na wanahabari ndio waliobeba mzigo wa kusema "data ya kibinafsi". Tanzania, ambayo mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na istilahi yake ikatoka bungeni moja kwa moja. Mkulima wa Taveta na jirani yake wa Holili, ng'ambo ya mpaka, wana haki zinazofanana, ila mmoja anaweza kuisoma yake kwa lugha anayoisema sokoni.

8. Hitimisho

Historia hii haidharau mgomo. Mteja aliyeungana na wenzake ana nguvu ambayo mlalamishi mmoja hana. Inachoonyesha ni kwamba nguvu hiyo hupotea pale dai linapokuwa la kiongozi badala ya kuwa la mteja. Mafanikio ya 2018 hadi 2022 yalitokana na watu waliojua kifungu cha kutaja, ofisi ya kuiendea na neno la kutumia.

Wataalamu wa Kiswahili katika ukanda huu wana kazi katika jambo hili. Masharti ya usajili wa laini, fomu za malalamiko na maamuzi ya makamishna wa data yanahitaji Kiswahili kinachoeleweka na istilahi zinazooana kutoka Mombasa hadi Bujumbura. Mwaka 2012 wadhibiti waliona umuhimu wa mwanasiasa kuzungumza na mteja kwa lugha ya wote. Mteja naye anastahili kuipata haki yake kwa lugha hiyo hiyo, ili msimu wa kampeni ukirudi asiwe tena yule anayefikiwa na kila mtu ilhali yeye hana wa kumfikia.