Mwezi Mpevu Dhidi ya Jumapili

Juma hili, msikilizaji, naanza na kosa langu. Miaka niliyokuwa nikipanga zamu za studio, fundi mitambo mmoja, Msabato, aliniomba asipangiwe Jumamosi. Nilimjibu kwamba redio haina Sabato. Alinyamaza, akaingia kazini. Jibu lile limenirudia niliposoma historia ya Sri Lanka.

Waislamu wana itikafu, Wakristo wana mafungo. Wabudha wa kisiwa kile nao hujitenga kila mwezi unapokuwa mpevu, siku waiitayo Poya. Waumini huvaa nguo nyeupe, wakashinda hekaluni wakishika amri nane: wasiue, wasiibe, wasikaribie unyumba, wasiseme uongo, wasinywe pombe, wasile baada ya adhuhuri, wajiepushe na ngoma na mapambo, wala wasilalie kitanda cha fahari.

Kila Poya ina habari yake. Vesak, aghalabu mwezi Mei, hukumbusha kuzaliwa, kupata nuru na kufa kwa Budha. Poson, mwezi Juni, humkumbuka Mahinda, aliyeleta mafundisho hayo kisiwani zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Mahujaji hupanda mlima wa Mihintale. Esala, mwezi Julai, ni ya hotuba ya kwanza ya Budha, na baada yake watawa huanza mafungo ya masika ya miezi mitatu.

Lakini kujitenga kwataka nafasi, na nafasi ilikuwa mikononi mwa serikali. Chini ya Waingereza, Jumapili ilikuwa mapumziko, Vesak haikuwa. Siku ya Pasaka mwaka 1883, maandamano ya Wabudha yalishambuliwa Kotahena, mjini Colombo. Mwaka uliofuata Kanali Henry Steel Olcott, Mmarekani aliyekuwa amejiunga na Wabudha, alipeleka malalamiko yao London. Mwaka 1885 Vesak ikawa sikukuu ya serikali.

Uhuru ulikuja 1948. Mwaka 1966 serikali ya Dudley Senanayake ikageuza meza: Jumapili ikafutwa, mapumziko yakafuata Poya nne za kila mwezi. Sasa ikawa zamu ya Mkristo kwenda kazini kengele ya kanisa ikilia. Tena mwezi hauhesabu siku saba. Mara juma lilikuwa na siku saba, mara nane. Biashara na nchi za nje ikavurugika. Mwaka 1971 Jumapili ikarudishwa, na Poya ya mwezi mpevu ikabaki sikukuu hadi leo.

Kalenda haimfanyi mtu kuwa mchaji. Yaweza tu kumfungulia mlango au kumfungia. Wabudha walijua uchungu wa kufungiwa, na bado, walipopata ufunguo, walimfungia jirani.

Nami nilikuwa na ufunguo mdogo tu, wa zamu za studio. Yule fundi alikuwa tayari kufanya kazi Jumapili zote. Sikumwuliza.

Hadi juma lijalo, kwaherini.