Wasichana Wawili, Nchi Moja: Maisha ya Kila Siku katika Vitabu vya Watoto



Anayetaka kuijua historia ya nchi huelekezwa kwanza kwenye vita, mikataba na majina ya watawala. Ipo njia nyingine isiyo na kishindo, nayo ni kusoma kitabu cha watoto kinachosimulia maisha ya msichana wa zama zilizopita. Humo utajua maji yalichotwa wapi, nyama ilihifadhiwaje, na nani aliamka alfajiri kuwasha moto. Lakini njia hiyo ina mtego wake. Nitakuonyesha mtego huo kwa kuwalinganisha wasichana wawili wa Marekani, mmoja wa mwaka 1847 na mwingine wa miaka ya 1870.

Laura Ingalls Wilder alizaliwa mwaka 1867 karibu na Pepin, katika jimbo la Wisconsin. Alikuwa na umri wa miaka 65 alipochapisha kitabu chake cha kwanza, Little House in the Big Woods, mwaka 1932. Ndani yake hakuna mfalme wala jemadari. Kuna baba anayekausha nyama kwa moshi ndani ya gogo lenye uwazi, na mama anayesukasuka maziwa kupata siagi, akiitia rangi kwa karoti wakati wa baridi. Laura mdogo anambembeleza mwanasesere wake wa gunzi la hindi. Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki watamtambua mwanasesere huyo bila kuhitaji maelezo.

Kitabu kilichopata umaarufu zaidi, Little House on the Prairie, kilitoka mwaka 1935. Kinasimulia jinsi familia hiyo ilivyohamia Kansas na kujenga nyumba ya magogo. Nchi ile haikuwa pori lisilo na mwenyewe. Ilikuwa ardhi ya Waosage, na familia ya Ingalls ilijenga humo bila haki ya kisheria. Hata hivyo, toleo la mwanzo liliieleza nchi hiyo kana kwamba haikuwa na watu, kisha likaongeza kuwa wenyeji wa asili ndio waliokuwa wakiishi huko. Hebu tafakari maana yake: wenyeji wapo, lakini hawahesabiwi miongoni mwa watu.

Mwaka 1952 msomaji mmoja aliwaandikia wachapishaji kulalamika. Mhariri, Ursula Nordstrom, alimfikishia mwandishi suala hilo, naye Wilder akakiri kosa lake. Katika toleo la 1953, neno la Kiingereza lenye maana ya “watu” liliondolewa, na mahali pake pakawekwa neno lenye maana ya “walowezi”.

Wewe unayejifunza Kiswahili, litazame vizuri neno hilo. Mlowezi hutokana na kitenzi kulowea, yaani kuhamia mahali na kukaa huko moja kwa moja. Nchini Kenya neno hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu walowezi wa Kizungu walipewa ardhi ya nyanda za juu ambayo wenyeji waliondolewa. Kwa hiyo kusema kwamba mahali fulani hapakuwa na walowezi ni kutoa habari. Kusema kwamba hapakuwa na watu, ilhali wenyeji wapo, ni kuwanyima utu wao.

Je, kubadili neno moja kulitosha? La. Katika kitabu kile Waosage bado hupita mlangoni, na mwishoni huondoka kwa msafara mrefu mbele ya nyumba. Tunawatazama tukiwa upande wa Laura. Hatuingii nyumbani mwao, wala hatusikii msichana wao akiitwa na mama yake.

Pengo hilo ndilo alilolishughulikia Louise Erdrich, mwandishi mwenye asili ya Waojibwe, katika The Birchbark House cha mwaka 1999. Shujaa wake ni Omakayas, msichana wa miaka saba anayeishi mwaka 1847 katika kisiwa cha Ziwa Superior. Kisiwa hicho sasa kimo katika jimbo lile lile la Wisconsin. Omakayas huchukia kazi ya kukwangua ngozi za wanyama, huenda shambani kuwinga ndege wasile mahindi, na hugombana na mdogo wake wa kiume mtundu. Wakati wa kiangazi familia yake huishi katika nyumba ya magome ya mti. Baridi ikija, huhamia nyumba ya magogo.

Kitabu hiki na Little House in the Big Woods vyote vinasimulia utengenezaji wa sukari kutokana na utomvu wa mti uitwao mepo. Ni msitu wa aina moja, na kazi ni ile ile. Tofauti ni kwamba kwa Omakayas msitu huo ni kwao. Naye mgeni anapokuja wakati wa baridi, huja na ndui, ugonjwa unaomuua mdogo wake mchanga. Historia kubwa haikutajwa kwa jina, lakini imeingia nyumbani.

Mwaka 2018 chama cha wakutubi wa watoto nchini Marekani kiliondoa jina la Wilder katika tuzo iliyokuwa ikiitwa kwa jina lake tangu 1954. Wapo waliopinga. Kwa maoni yangu, suala la tuzo ni dogo kuliko suala la rafu ya vitabu. Simshauri mtu amfiche Laura, kwa maana yeye ni shahidi mzuri wa nyumba yake. Ila shahidi mmoja hatoshi, na mtoto anayempewa Laura apewe pia Omakayas.

Nawe nakuachia zoezi. Muulize bibi yako, au mwanamke mwingine mzee, siku yake ilikuwaje alipokuwa na miaka saba. Kisha andika sentensi kumi ukitumia muundo wa alikuwa akichota, alikuwa akitwanga, alikuwa akiimba. Katika sentensi ya kumi na moja, mtaje jirani wake mmoja kwa jina.