Pumzi ya Mgonjwa Mwenye Uvimbe Kifuani

Mpasuaji wa karne ya 19 aliyetaka kuingia kifuani alikuwa na adui mmoja, nayo ni hewa. Tumbo likifunguliwa, mgonjwa huendelea kuvuta pumzi. Kifua kikifunguliwa, hewa ya nje huingia na pafu hunywea. Kwa hiyo uvimbe wa tumboni uliweza kuondolewa, na ule wa kifuani ukaachwa umalize kazi yake.

Katika mwaka wa 1904 Ferdinand Sauerbruch, huko Breslau, alijenga chumba ambamo nguvu ya hewa ilipunguzwa. Mwili wa mgonjwa na wapasuaji walikuwa ndani; kichwa cha mgonjwa na mtoa nusukaputi walikuwa nje. Ulikuwa werevu mkubwa, lakini ni ajabu kujenga nyumba pale ambapo mrija ungetosha. Mrija wenyewe ulikwisha tumiwa: mwaka 1878 William Macewen wa Glasgow aliupitisha kinywani mwa mgonjwa wa saratani, hali yu macho, mpaka kwenye koo la pumzi, ndipo akamtia klorofomu. Mwaka 1909 Samuel Meltzer na John Auer wa New York walionyesha kwa wanyama kwamba hewa ikipulizwa kwa mrija, pafu halinywei. Hata tarehe 23 Januari 1942, Harold Griffith na Enid Johnson wa Montreal wakaleta kurare, sumu ya mishale ya Amerika ya Kusini, ilegezayo misuli. Sasa daktari aliweza kuiendesha pumzi ya mgonjwa apendavyo, kwa kubinya mfuko.

Ushindi huu ulificha mtego. Uvimbe ulioota mbele ya kifua, kati ya mapafu mawili, hulala juu ya koo la pumzi na mishipa mikubwa ya damu. Mgonjwa aliye macho huuhimili kwa misuli yake: kila avutapo pumzi kifua hutanuka, na njia ya hewa hutanuka pamoja nacho. Wengine hulala wameketi, maana miili yao imekwisha jua. Mlaze chali, mlegeze misuli, na mhimili huo huondoka. Mrija uliopita salama kooni hukomea juu ya pale palipobanwa. Mfuko hubinywa, kifua hakiinuki. Katika miaka ya 1970 na 1980 majarida ya tiba yalieleza wagonjwa, watoto miongoni mwao, waliofikwa na haya mezani, na wengine walikuja kukatwa kipande kidogo tu cha kupimwa.

Desturi ikageuka. Kila iwezekanapo, kipande hukatwa kwenye tezi ya shingoni kwa ganzi ya mahali pale tu. Pengine uvimbe hupunguzwa kwanza kwa dawa, ingawa dawa hizo huweza kuharibu sura ya ugonjwa kabla haujajulikana. Nusukaputi ikilazimu, hutiwa polepole, mgonjwa ameinuliwa kiwiliwili na anavuta pumzi mwenyewe; dawa za kulegeza misuli huwekwa kando. Bomba gumu la kupenya pale palipobanwa huwa tayari, na watu wa kumgeuza mgonjwa ubavu au kifudifudi husimama karibu. Pengine mrija hupitishwa mgonjwa yu macho, kama alivyofanya Macewen.