Tunapewa Vifaa, Hatupewi Mafuta: Historia Fupi ya Kutu Pwani

Historia ya Pwani tunafunzwa kama hadithi ya dhahabu, pembe na karafuu. Sawa. Lakini chuma huwa tunakiruka, na mimi naona hapo ndipo kuna somo.

Cheki hii. Karne ya 1, mfanyabiashara mmoja aliandika kwa Kigiriki kitabu tunachokiita Periplus of the Erythraean Sea. Anataja bidhaa zilizoletwa pwani hii ya Afrika Mashariki: mikuki kutoka Muza, kule Yemen, mashoka, visu na vyuma vidogo vya kutobolea. Yaani karibu miaka 2000 iliyopita msee alikuwa anavusha shoka juu ya maji ya chumvi na bado anatarajia kuliuza.

Halafu 1154, al-Idrisi, akimwandikia Mfalme Roger II wa Sicily, anasema watu wa Malindi na Mombasa wana machimbo ya chuma na wanakifanyia biashara. Wanaakiolojia nao wamepata mabaki ya uyeyushaji chuma Galu, Kwale. Kwa hivyo kama ulikuwa unadhani chuma kililetwa na mkoloni, pole.

Sasa, kutu inataka vitu viwili tu: maji na oksijeni. Chumvi inaongeza kasi. Miaka ya 1930, mwanasayansi Mwingereza W. H. J. Vernon alionyesha kwamba kwenye hewa chafu, unyevu ukipita kama asilimia 60, kutu inashika mbio. Mombasa iko juu ya hapo karibu mwaka mzima. Ndio maana jembe linalolima kila siku linang'aa, na lile la stoo linageuka rangi ya matofali.

Wakubwa pia wamesumbuliwa. Mwaka 1913 Harry Brearley wa Sheffield akatoa chuma kisichoshika kutu kirahisi. Mwaka 1953, San Diego, ikaundwa WD-40, jina linalomaanisha kufukuza maji, jaribio la 40. Ilitumika kukinga kombora la Atlas. Wenye makombora na fundi wa Likoni, adui ni mmoja.

Na siri ni ileile: weka kitu kati ya chuma na maji. Futa jasho na vumbi ukimaliza kazi. Kausha. Paka patasi, msumeno na randa mafuta mepesi ya mashine, tabaka jembamba tu. Mafuta ya kupikia wacha, yananata. Usifunge kifaa kwa kitambaa kibichi, na usikilaze kwenye sakafu ya simiti.

Hapa ndipo nina maoni. Kampeni za 2022 wilbaro ilikuwa kwa kila bango. Kila mwaka vijana wanapewa vifaa, picha zinapigwa, watu wanaenda nyumbani. Kikopo cha mafuta hakuna. Mafunzo ya kutunza hakuna. Msimu mmoja wa mvua, na mtaji wa mtu umekuwa skrapu ya kuuzwa kwa kilo. Kisha tunaambiwa vijana hawajui kutumia nafasi.

Kupeana kifaa bila kufunza kukitunza ni kupeana nusu. Ukiona mgeni rasmi anagawa misumeno mtaani kwenu, muulize tu: na mafuta yako wapi?