Gome, Jani na Homa ya Ziwani

Wampembe iko kando ya Ziwa Tanganyika, chini ya nyanda za juu za Ufipa. Sumbawanga kuna baridi. Huku mwambaoni kuna joto, na mbu hustawi. Historia ya mwambao huu haiwezi kuandikwa bila kuitaja malaria, wala malaria haiwezi kutajwa bila miti iliyotupatia dawa zake.

Mwezi Januari 1867, David Livingstone alipokuwa safarini katika nchi ambayo leo ni Zambia, sanduku lake la dawa lilipotea pamoja na watu waliotoroka msafara. Ndani yake ndimo ilimokuwa kwinini. Mwezi Aprili alifika ncha ya kusini ya ziwa hili, iliyoitwa Liemba, jina ambalo wasafiri wa Wampembe wamelizoea kwa meli ya MV Liemba. Hapo homa ilimlaza hata akapoteza fahamu. Miti ilimzunguka pande zote. Alichokikosa ni kiini cha gome la mkwinini, mti wa Amerika Kusini, ambacho Pelletier na Caventou walikitenga mjini Paris mwaka 1820.

Kimelea cha malaria hula wekundu wa damu, na mlo huo humwachia sumu ambayo huigeuza fuwele isiyomdhuru. Inaaminika kuwa kwinini huizuia kazi hiyo, naye hufa kwa sumu ya chakula chake mwenyewe. Lakini kwinini ikizidi, masikio ya mgonjwa huvuma, na macho huweza kupoteza nuru.

Kutoka India ulitufikia mti mwingine mchungu, mwarobaini. Siku ya Ugadi na ya Gudi Padwa, Wahindu wengi huuonja pamoja na sukari guru, ili kuupokea mwaka mpya kwa uchungu na utamu wake. Jina lake la Kiswahili husifu tiba ya maradhi arobaini. Kweli, kiini chake azadiraktini huwazuia wadudu kula na kukua. Hata hivyo, mafuta ya mbegu zake yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga walionyweshwa kama dawa. Uchungu peke yake si ushahidi wa tiba.

Mwaka 1972 Tu Youyou na wenzake nchini China walitenga artemisinini katika mmea wa artemisia, jamii ya pakanga. Kitabu cha kale cha Ge Hong kilielekeza mmea uloweshwe na kukamuliwa. Tu akatambua kwamba huenda moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Tanzania ilichagua dawa mseto ya ALu, yenye kiini kilichotokana na artemisinini.

Basi wazee walioujua mmea walitangulia, na maabara ikaja kuupimia. Mzazi wa mwambaoni ambaye zahanati iko mbali naye hushawishika kuchemsha majani na kungoja. Majani ya kuchemsha hayana kipimo kinachojulikana: dawa ikipungua, kimelea husalia, na mtoto huweza kufa kwa siku chache. Tuutunze mwarobaini uani na tuuheshimu. Mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa damu siku ile ile, na akikutwa na malaria amalize dozi yote ya siku tatu, hata kama homa imeshuka.