Mang'onyi na Herufi Kubwa: Historia Fupi ya Anwani za Kiswahili hadi Zama za Kompyuta

Mang'onyi ni kata mojawapo ya Wilaya ya Ikungi, Mkoa wa Singida. Katikati ya jina hilo imo nazali ya kaakaa laini, sauti moja ambayo tahajia sanifu huiandika kwa alama tatu: n, g na ritifaa. Karani akiliandika jina hilo kwa herufi ndogo katika lahajedwali ya Excel, kisha akaiagiza kompyuta kwa amri ya PROPER ianze kila neno kwa herufi kubwa, atapata Mang'Onyi. Karani hakukosea. Amri hiyo hupandisha herufi yoyote inayofuata alama isiyo herufi, na kwayo ritifaa si herufi. Kanuni iliyotungwa mbali na Singida imelipasua jina la mahali, na chimbuko lake ni la zamani kuliko kompyuta yenyewe.

Kwa karne kadhaa Kiswahili kiliandikwa kwa hati ya Kiarabu, ambayo haina tofauti ya herufi kubwa na ndogo. Mnakili wa Utendi wa Tambuka, ambao nakala yake ya mwaka 1728 ni miongoni mwa hati kongwe za Kiswahili zinazojulikana, hakuwa na haja ya kujiuliza ni neno lipi katika anwani lipewe herufi kubwa. Swali hilo lililetwa na hati ya Kirumi. Sarufi ya Krapf ilichapishwa Tübingen mwaka 1850, na kitabu cha Steere kikatoka mwaka 1870. Nyuma ya wamisionari hao palikuwa na mapokeo mawili yasiyolingana: Kijerumani huanza kila nomino kwa herufi kubwa popote ilipo, ilhali Kiingereza hutenga maneno mazito ya anwani na kuyaacha madogo chini.

Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, ilisanifisha tahajia, na kamusi zake zikatoka mwaka 1939. Ritifaa ya ng' ilibaki, na ilistahili kubaki, kwa kuwa ng'oa ni kung'oa mti na ngoa ni tamaa au wivu. Kuhusu anwani, hata hivyo, desturi mbili zimeendelea kuishi pamoja. Wapo wanaopandisha neno la kwanza na majina mahususi tu. Wapo wanaopandisha maneno yote makuu na kuviacha viunganishi, kama inavyoonekana katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, toleo la mwaka 1981. Msomaji wa kitabu hasumbuliwi na hali hiyo, kwani mhariri huamua kwa jicho. Mashine haina jicho, hutaka orodha.

Orodha iliyokuja kuenea ni ya Kiingereza. Mwaka 2008 John Gruber alitoa programu fupi ya lugha ya Perl iliyopanga herufi za anwani, nayo ilibeba orodha ya maneno madogo yasiyopandishwa: a, an, and, of, the, to na mengineyo. Baadaye Stuart Colville aliihamishia katika lugha ya Python, ikawa maktaba iitwayo titlecase. Maktaba ya namna hiyo hufungwa kuwa kifurushi chenye jina, namba ya toleo na leseni, ikahifadhiwa katika ghala la pamoja, na mtu yeyote huisakinisha kwa amri moja. Hapo ndipo penye uzito wa jambo. Mwandishi wa programu ya orodha ya vitabu huenda asijue kabisa kwamba amechukua pia desturi ya uhariri. Ameona jina la kifurushi tu.

Ukiipa maktaba hiyo maneno historia ya kiswahili, itarudisha Historia Ya Kiswahili, kwa kuwa ya haimo katika orodha yake. Kuongeza neno moja hakutoshi. Pale Kiingereza kinapotumia of peke yake, Kiswahili kina wa, ya, la, cha, vya, za, kwa, pa na mwa, kila kimoja kikifuata ngeli ya nomino iliyotangulia. Tena la huweza kuwa jibu la kukataa, na neno la kukataa katika anwani lina haki ya herufi kubwa. Orodha haiwezi kulitambua hilo bila sarufi.

Mfano mwingine unachekesha, ingawa mwenye anwani hatacheka. Maktaba hiyo ina kanuni ya majina ya Kiskochi kama McDonald: neno likianza kwa mc, herufi inayofuata hupandishwa. Kwa kanuni hiyo mchezo hugeuka McHezo, na mchungaji McHungaji. Kiambishi cha ngeli ya kwanza na ya tatu kimesomwa kama ukoo wa Uskochi. Jina la Mang'onyi, kwa bahati, hupita salama humo, kwani ritifaa hushughulikiwa baada ya d, o na l tu, kwa ajili ya majina kama O'Reilly.

Si kwamba kompyuta haiwezi kufundishwa. Kanuni za Unicode za kutenga maneno haziikati ng'ombe vipande viwili, na Murang'a hubaki Murang'a. Kiholanzi kimepata kanuni yake ya kupandisha herufi zote mbili za IJ, na Kituruki kanuni ya i yenye nukta. Hata maktaba ya titlecase huruhusu mtumiaji kubadili orodha ya maneno madogo na kuweka kanuni zake mwenyewe. Kinachohitajika ni mtu anayejua ngeli aiandike orodha ya Kiswahili, aijaribu kwa majina halisi, kisha aifunge katika kifurushi kama wengine walivyofanya.

Kabla ya hapo, njia rahisi ya kuikwepa Mang'Onyi ni kuifuta ritifaa na kuandika Mangonyi. Kompyuta hailalamiki. Ila anayelisoma jina hilo bila kulijua atatamka ng ya ngoma, na atakayelitafuta kwenye orodha kwa tahajia yake sahihi huenda asilipate.